Stika Nyekundu na Bajeti ya Stima

Jamani, leo nimeaibika mchana peupe, tena nimejiletea mwenyewe. Bado nina hasira na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Mnajua kazi yangu: kulinda kompyuta zinazoendesha umeme wa jiji, hii stima yenu, zisiingiliwe na wahalifu. Mmoja akipenya tu, Nairobi nzima giza, hospitali na wote. Kila mwaka naomba pesa za kuziba mianya. Kila mwaka kamati ya fedha inaniambia ningoje. (Magari yao mapya hayangoji!)

Safari hii nikasema nitawaonyesha. Nikamwomba binamu yangu Njeri wa Woodley anitafutie mtu asiyejulikana ofisini kwetu, hata mimi nisimjue, ili jaribio liwe la haki. Akapata mama anayeuza chai Dagoretti Corner. Kazi yake: aingie makao yetu makuu mjini na chupa yake ya chai, na kila kompyuta atakayoifikia aibandike stika nyekundu. Basi.

Asubuhi nilifika kutoka Kabiria nikiwa tayari kwa vita. Sijakaa vizuri, mhasibu akapiga simu.

"Madam, hiyo request yako wameikata nusu hata kabla ya meeting."

"Nusu? Kwa hivyo nilinde nusu ya Nairobi? Woodley iwake, Kabiria izime?"

Nilifoka nikizunguka ofisi, simu sikioni. Nikanywa chai, nikafoka tena.

Njeri akaanza kunitumia picha za stika na habari za milango iliyofunguliwa, kama alivyozipata kwa yule mama. Stika chumba cha mitambo! Stika kwa mkurugenzi! Nikafurahi mno. (Mjinga mimi.)

Saa nne nikasimama mbele ya kamati. Nikafungua laptop yangu, mgongo wake ukiwaelekea wao, nikaanza kuwapa vipande vyao.

"Mama msiyemjua ameingia humu leo. Mlinzi amemfungulia geti. Chumba cha mitambo wamemshikia mlango. Kwa nini? Kwa sababu amebeba chai! Popote mtakapoona stika nyekundu, jueni mwizi amefika."

Mjumbe mmoja akakohoa. Mwingine akafunika mdomo. Nikajua wananidharau, damu ikanipanda.

"Mnacheka nini? Watu wazima, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa kumwangalia! Ni uzembe! Ofisi iliyo salama humu ndani ni moja tu, yangu!"

Chumba kizima kikaangua kicheko.

Mwenyekiti akajifuta machozi. "Madam, hebu geuza hiyo kompyuta yako."

Nikageuza. Stika nyekundu, katikati kabisa.

Wakamwita yule mama, ambaye wakati huo alikuwa kwenye korido akimimina chai. Mwenyekiti akamuuliza aliingiaje kwangu.

"Huyu ndiye alikuwa rahisi kuliko wote," akasema kwa upole. "Alikuwa anagombana na simu. Akanionyesha na kidole niweke chai hapo. Hata kompyuta alisogeza mwenyewe ndio nipate nafasi."

Hapo ndipo nikaikumbuka ile chai. Ilikuwa na tangawizi. Chai ya ofisi yetu haijawahi kuonja tangawizi tangu niajiriwe.

"Lakini si hiyo ndiyo point yangu?" nikapaza sauti. "Kama mimi mwenyewe nimeingiwa, si basi mtoe pesa?"

"Kweli kabisa," akasema Mwenyekiti, na wakapitisha pesa papo hapo. Za semina ya kufundisha wafanyakazi kuwa macho. Mwanafunzi wa kwanza, mimi. Mitambo inayowasha jiji zima? "Hiyo tuangalie mwaka ujao, madam."

Nilitoka bila kuaga mtu. Nimewakasirikia wao, nimemkasirikia Njeri, na nimejikasirikia mimi na kidole changu.

Na yule mama? Wameipenda chai yake. Wamempa pasi ya kuingia kila siku, orofa zote, chumba cha mitambo kikiwemo.

Chekeni mkitaka. Lakini stima ikipotea, mtu asinipigie simu.