Kanda Yetu Yenye Selotepu

Jumatatu, 3 Machi

Radi Kavu wanakuja! Jumamosi hii, saa nane mchana, ukumbi wa michezo. Nilisoma tangazo mara tatu kwenye ukuta wa duka la dawa, mara ya nne nikamwomba muuza dawa anisomee yeye. Akasema ni kweli, na kwamba nimemzibia mlango.

Miaka thelathini na moja naipenda bendi hii na sijawahi kuiona. Mara mbili walipiga mji wa jirani. Mara zote mbili mke wangu aliugua ghafla asubuhi ya siku yenyewe, akapona jioni. Maskini. Sasa ni mwaka na miezi minne tangu atangulie.

Ninachotaka ni kimoja tu. Wapige “Stesheni”, nami niwepo. Ndio wimbo wetu. Mtu anaachwa stesheni na mwavuli mkononi, treni inaondoka na mpenzi wake, naye anaapa: sitaondoka hapa mpaka urudi. Tulioana nao. Nilipomzika nikaagiza jiwe lichorwe SITAONDOKA HAPA. Fundi wa mawe aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Shemeji akasema watu watadhani marehemu ndiye anayesema. Shemeji hana moyo.

Binti yangu anasema siku hizi nyimbo zote ziko kwenye simu. Tukautafuta. Haumo! Uko kwenye kanda yetu tu. Nilifurahi kupita kiasi.

Jumanne, 4 Machi

Binti kaninunulia tiketi. Mungu ambariki. Kiti cha mwisho kabisa, juu, chini ya feni. Kutoka pale nikiomba wimbo itanisikia feni tu.

Shemeji, mdogo wa marehemu, amepata safu ya mbele. Yeye ni mwalimu wa udereva na huwapata watu wa kila aina wakiwa wameshika usukani, hawana pa kukimbilia akiwaomba kitu. Nilimwendea kwa upole. Nikamwambia tubadilishane viti, nami nitamshonea suruali tatu. Akasema hataki suruali, anataka kanda.

Ni yale yale! Tangu nimwoe dada yake anadai kanda ile ni yake, aliinunua akiwa mtoto kwa pesa za kuosha magari, na dada mtu akaiharibu. Miaka yote hii namcheka. Kanda ilitafunwa na redio. Mke wangu mwenyewe aliniambia, na akaiunga kwa selotepu kwa mkono wake. Ukifika pale kwenye kiungo, baada ya kiitikio cha kwanza, inalia “tik”, kisha wimbo unaendelea. Yeye akipika alikuwa anaipiga ile “tik” kwa kijiko kwenye sufuria, na hakukosea hata siku moja.

Nikakataa kumpa. Akaniita bahili wa selotepu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata njia!

Watu wanaopanga vyombo jukwaani huvaa mashati meusi, na hakuna anayewauliza kitu. Mimi nashona mashuka ya hospitali mwaka wa ishirini na mbili huu. Shati jeusi linanishinda? Wakati wa chakula nilikata, nikashona, nikabandika mgongoni herufi nyeupe: FUNDI. Wala si uongo. Mimi ni fundi.

Msimamizi wa stoo alipita, akasoma mgongo wangu, akaguna.

Alhamisi, 6 Machi

Nilitoka na shati barabarani kulijaribu. Linafanya kazi kupita kiasi. Hatua mia moja hivi, watu watatu wakanisimamisha: feni, kitasa, bomba la jikoni. Nikaona nikikataa nitajifichua. Feni ilipona yenyewe. Kitasa sijui. Mwenye bomba alinishukuru kwanza, kisha nikasikia maji, nikapotelea uchochoroni.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kapita getini kwangu kwa gari la mafunzo, mwanafunzi akitetemeka usukanini, ili tu kunionyesha tiketi yake dirishani. Mwanafunzi akauparuza ua wangu. Kesho ataona mwenyewe niko wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi nilifika mlango wa nyuma. Nikageuka. Mlinzi alisoma mgongo wangu, akaniambia nimechelewa. Ndani nikakabidhiwa spika. Nzito kama jokofu! Nilibeba nne. Kisha nikakunjishwa nyaya. Kijana mmoja mwenye tochi mdomoni akanionya nisiguse waya mweupe nyuma ya mpiga ngoma, kwa sababu ukichomoka huo ukumbi mzima unakuwa bubu. Nikasema najua. Akaniuliza nimefanya kazi hii miaka mingapi. Nikamjibu ishirini na miwili.

Mara ikapigwa kelele chumba cha nyuma: fundi, fundi! Wakanitazama mimi.

Akawa ni mwimbaji mwenyewe. Mwimbaji wa Radi Kavu! Kwenye picha ya kanda ana nywele mpaka mabegani na anatazama radi. Huyu ana upara, miwani ya kusomea na kiuno kilichokataa mkanda, na amekaa miguu ikiwa ndani ya ndoo ya maji moto. Nilitaka kulia. Zipu ya suruali yake ilikuwa imekufa, na suruali ilikuwa moja.

Hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwa kazi yangu. Sindano hukaa ndani ya ukosi wangu daima, na uzi tayari. Dakika sita. Akaipandisha, akaishusha, akaipandisha. Akauliza anilipe nini. Nikasema, “Mzee, nipigie ‘Stesheni’.”

Akakunja uso. Ikabidi nimwimbie kidogo. Akacheka sana, akasema, “Ule wa kuchekesha? Hatujaupiga miaka mingi. Haya, fundi, utaupata.”

Wa kuchekesha! Nikadhani uzee umemchanganyia nyimbo.

Saa nane na nusu wakaanza. Nilisimama pembeni kabisa ya jukwaa, hatua tatu kutoka kwa mpiga ngoma. Shemeji aliniona kutoka safu ya mbele, akaachama mdomo. Sijawahi kufurahi hivyo tangu msiba. Nikampungia.

Wimbo wa saba, mwimbaji akasema huu ni wa fundi wangu wa zipu. Watu wakacheka. Gitaa likaanza. “Stesheni”! Ubeti wa kwanza, treni, mwavuli. Kiitikio. Nikafumba macho, nikainua kidole kama kijiko, nikasubiri ile “tik”.

Haikuja.

Mimi nikaendelea pale tunapoendeleaga siku zote, kwa sauti yangu yote. Nilikuwa peke yangu! Mpiga ngoma akanigeukia. Mwimbaji alikuwa anaimba kitu kingine, na umati wote, watu elfu mbili, waliimba naye:

“Nilisubiri saa moja, mvua ikaanza,
muuza tiketi akanikaribisha ndani.
Leo tuna watoto watatu na paka;
sitaondoka hapa, hata ukirudi!”

Watu wakavunjika mbavu. Walikuwa wanapungia treni kwaheri kwa mikono yao. Mimi nikakaa juu ya spika.

Saa moja. Alisubiri saa moja!

Na mimi nimelichora kwenye jiwe.

Jumapili, 9 Machi

Sikulala vizuri. Asubuhi Shemeji akaja. Nilijiandaa kwa masimango. Hakuwa nayo. Alikaa kiti cha marehemu, akasimama, akahamia kingine. Nikampa chai. Nikamuuliza kama alijua.

“Shemeji, kanda ilikuwa yangu,” alisema. “Niliusikia mzima kabla dada hajaukata.”

Nikamwambia ilitafunwa na redio. Akatikisa kichwa.

“Kwa wembe. Nilimwona mezani, na kipande kimoja cha selotepu puani ili mikono yote iwe huru. Alikuwa akupelekee wiki ile mliyochumbiana. Akasema, huyu mwanaume anaamini kila kitu anachosikia, sitaki asikie hili. Akaniapisha.”

Nikaweka kikombe chini. Siku zile mbili za ugonjwa! Kichwa asubuhi, na jioni anakaanga samaki.

Nikamuuliza basi kwa nini ameidai miaka yote, kama ameapa. Akasema hakuapa kuhusu upande wa pili. Kanda ni utepe mmoja. Ukikata huku, na kule umekatika. Upande wa pili kulikuwa na gitaa la wimbo anaoupenda kuliko zote, na dada yake alimkatia katikati. Jana ndiyo kalisikia lote, mara ya kwanza tangu ana miaka kumi na miwili. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko inavyohitaji kufutwa.

Miaka yote nilimcheka. Nikammiminia kikombe cha pili bila kuombwa. Kanda sikumpa.

Jumatatu, 10 Machi

Kabla ya kazi nilikwenda makaburini. Jiwe limesimama vilevile. Nikamwambia kwamba nimeusikia wote. Nikamwambia sijakasirika, ila angeniambia tu. Halafu nikafikiri, angeniambia ningekuwa mtu mwingine kidogo. Nikafuta vumbi kwenye herufi kwa leso.

Fundi wa mawe alikuwa kaburi la jirani. Akauliza kama nataka kubadilisha maneno. Nikamwambia hapana. Akasema alijua.

Binti yangu ananiambia nimepata funzo: nisidanganye walinzi, nisibebe spika kwa umri wangu, na nikubali kwamba wimbo ni wa wenyewe waliouimba. Nikasema ndiyo, mwanangu. Amesema kweli tupu.

Jumanne, 11 Machi

Radi Kavu wanapiga mji wa jirani Jumamosi ijayo! Muuza dawa ameniita mwenyewe kuniambia, ili nisisimame mlangoni. Na mwimbaji amenitumia salamu: zipu imeshika, “Stesheni” umerudi kwenye orodha.

Nimeshakata shati la pili, la Shemeji. FUNDI mgongoni. Amekubali kubeba spika mradi asikie gitaa lake karibu. Mengine sijamweleza.

Nimeupima ubeti ule kwa saa ya ukutani, nikiuimba polepole. Sekunde thelathini na nane. Waya mweupe, nyuma ya mpiga ngoma. Sitaukata, mimi si mharibifu. Nauchomoa baada ya kiitikio cha kwanza, nahesabu thelathini na nane, nairudisha sauti kwa “tik” moja safi.

Watu elfu mbili. Hakuna hata mmoja atakayegundua.