Ninapinga Binti Yangu Kuachiliwa Ijumaa

Kimisagara, Kigali
Jumanne, 9 Juni 1992

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Nyumba ya Kurekebishia Watoto

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na mama watoto. Naomba radhi kwa kukuandikia Kiswahili. Barua yako ya Kifaransa nilisomewa na watu wawili, na kila mmoja alinisomea habari yake. Wa kwanza alisema binti yangu ataachiliwa Ijumaa. Wa pili alisema mimi ndiye nitakamatwa Ijumaa. Nikaona heri tutumie lugha hii, niliyokulia nayo Buyenzi kule Bujumbura, na ambayo nimekusikia kwa masikio yangu ukiwagombeza nayo walinzi.

Sasa muuguzi wenu, Sista Ingrid, amenithibitishia: Illuminée anatoka Ijumaa saa tatu asubuhi, kwa sababu ya tabia njema. Mimi Pudentienne, mshonaji wa nguo na mama yake mzazi, napinga uamuzi huo. Sababu zangu ni hizi.

1. Kosa lenyewe ni kubwa mno. Mwezi wa pili binti yangu, mwenye miaka kumi na tano, alipita nyua za majirani akaanua nguo arobaini na mbili kwenye kamba, akazifua upya zote katika beseni moja, kwa kuwa alisikia zinalia. Angezirudisha safi, na watu wangemshukuru. Lakini Jumapili iliyotangulia kulikuwa na mikutano ya siasa, na ndani ya beseni mlikuwa na mashati na kofia za vyama vitatu. Rangi zikaingiliana. Jirani yangu Bwana Gasana, ambaye hata kanisani huenda na kofia ya chama chake, alirudishiwa shati lenye rangi za wapinzani wake kifuani.

Konseye, mkuu wa sekta yetu, alipofika hakuuliza, "Mtoto anaumwa nini?" Aliuliza, "Ametumwa na chama gani?" Kila chama kikasema ametumwa na kile kingine. Mwishowe vyote vitatu vilikubaliana kwamba afungwe. Bwana Mkurugenzi, tangu vyama vingi vije nchini hatujapata kuona vikikubaliana jambo lolote mtaani kwetu. Mkimwachilia, mtauvunja umoja huo.

2. Mshirika wake bado yuko huru. Polisi wa komuni alimuuliza nani alimtuma, na kwa kuwa nimemlea asiseme uongo, akajibu: "Cassien." Cassien ni sauti. Alihamia kichwani mwa binti yangu miaka miwili iliyopita bila kubisha hodi, na tangu hapo mtoto hakulala, hakusoma, wala hakula chakula ambacho Cassien hakukipenda. Polisi akaandika: Cassien, mwanamume, makazi hayajulikani. Baada ya wiki mbili wakaniletea hati ya kumwita.

Nikamwambia aliyeileta, "Afande, huyu mtu hana mwili."

Akasema, "Basi, mama, tia sahihi wewe kwa niaba yake."

Nikatia. Kwa hiyo leo mimi ni mlezi halali wa Cassien, na hajaitwa tena. Je, ni haki aliyefua akae ndani na aliyeamuru akae nje?

3. Suala la dawa. Kabla binti yangu hajawa mwizi, nilimpeleka kwa waganga wa hospitali. Wakataka karatasi kutoka ofisi ya serikali ya komuni. Komuni wakasema wagonjwa ni kazi ya hospitali, nikalete karatasi ya hospitali. Nilikwenda na kurudi hivyo miaka miwili, hata mbwa wa njia hiyo wakaacha kunibwekea. Padri alisema tusali, tukasali. Shemeji yangu Salvator alisema aolewe.

Kisha akaiba nguo. Siku ya nane tu ya kifungo chake, Sista Ingrid alianza kumpa vidonge, asubuhi na jioni, bila karatasi yoyote. Kufika Pasaka mtoto alikuwa analala. Jumapili iliyopita aliniambia, "Mama, siku hizi Cassien anaongea kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Namsikia, lakini si lazima niitike." Nilitoka nikakaa kwenye nyasi mbele ya lango lenu, nikacheka na kulia kwa pamoja, mpaka mlinzi akaniuliza kama na mimi nina Cassien wangu.

Sasa naambiwa vidonge ni mali ya nyumba, na anayetoka haondoki navyo. Yaani mmemponya, na kwa kuwa amepona mnamrudisha pasipo dawa. Mimi ni fundi. Mteja akipendeza katika gauni nililomshonea, simvui mlangoni nikamwambia: limekukaa vizuri, sasa nenda nyumbani.

4. Ikiwa sheria inalazimisha atoke, naomba ashtakiwe upya. Nina makosa ya kutosha. Alimng'ata Salvator mkono siku ile ya maneno ya ndoa. Salvator yuko tayari kuonyesha kovu, nami niko tayari kusema alistahili. Yakipungua, mimi mwenyewe nitakubali kuibiwa. Ikishindikana kabisa, nifungeni mimi pamoja naye. Nitawashonea sare, maana za sasa, kwa heshima zote, zimekatwa na mtu asiyewahi kuona bega. Wala msiniambie kwenu ni kwa watoto tu. Nimemwona mmoja wa watoto wenu akinyoa ndevu.

5. Hili la mwisho silileti kwa konseye wala kwa padri. Miezi hii minne nimelala usingizi. Silindi mlango, sifichi visu, siendi kumtafuta bondeni. Mama anayelala vizuri mwanawe akiwa kifungoni ni mama wa namna gani? Naomba unijibu hilo kwa maandishi.

Nisalimie walinzi wote, mpishi, na yule kijana mwenye ndevu. Majirani nao wanakusalimu, kila mmoja kwa niaba ya chama chake.

Wako mtiifu, anayengoja jibu la kukataa,
Pudentienne

N.B. Leo ni Alhamisi na barua bado iko kwangu. Sista Ingrid alipita asubuhi. Anasema Illuminée ameuliza kama kitanda chake bado kipo. Kitanda hicho nilimwazimisha jirani yangu Mutoni tangu mwezi wa tatu. Nimekwenda kukidai, tumegombana, nimekibeba kichwani mpaka nyumbani, na shuka nimetandika. Sista ameniachia pia bahasha ya vidonge vya mwezi mmoja na kuniomba nisimtaje kwa mtu yeyote, kwa hiyo sijamtaja. Vya mwezi unaofuata nitavitafuta. Njia ya komuni naijua. Tafadhali usiisome barua hii. Ila saa tatu ni mbali mno: mimi nitakuwa langoni tangu saa kumi na mbili. Mwambieni avae sweta.