Ombi la Kumwondoa Aldegunda katika Historia

Endarasha, Kieni
9 Juni 1975

Kwa Profesa Simeon Theuri,
Mkuu wa Idara ya Historia

Mheshimiwa Profesa,

Kwanza pokea salamu za baridi, maana hapa kwetu mwezi wa Juni hauna salamu nyingine. Pili, mtoto wangu wa pili ana wiki saba na bado hana jina, na baada ya kufikiri sana nimeona mwenye makosa ni wewe.

Mimi ni mke wa mwanafunzi wako Moffat Nderitu, yule mwalimu wa shule ya harambee ambaye kwa miaka sita umemfundisha kwa njia ya posta kuandika historia ya mji wa Kaldena. Wewe unaujua, lakini barua hii huenda ikasomwa na wakubwa wako, kwa hivyo nitaeleza. Kaldena ulikuwa mji mdogo wa ng'ambo, mpakani katikati ya wafalme wawili, miaka mia saba iliyopita. Ulikuwa na ukuta, handaki, lango moja na askofu mlafi. Leo nasikia pamebaki malisho tu. Mimi nilifika darasa la nane, na mwandiko wangu unapita wa mume wangu, kwa hivyo mimi ndiye ninayenakili sura zake zote kabla hazijaletwa kwako. Ukiona mahali wino umemwagika, hapo mtoto alinishika mkono.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Gikuyu ningekasirika, na kwa Kiingereza ungenishinda. Malalamiko yangu ni haya.

1. Meza. Tuko na meza moja. Tangu mwaka juzi imekaliwa na mji wa Kaldena, ambao mume wangu, Baba Wamucii, ameujenga ili aone walinzi walikuwa wakitazama upande gani. Ukuta ni magunzi ya mahindi, walinzi ni maharagwe, nyumba kubwa ni viazi. Sisi tunakula tukiweka sahani magotini. Mwezi wa Machi, nikiwa mzito na nimechoka, nilichukua viazi vilivyokuwa karibu nikapika, kumbe nimepika kanisa na nyumba ya askofu. Baba Wamucii hakukasirika. Alikataa tu kula, ati hawezi kutafuna ushahidi. Wamucii, ambaye ana miaka minne, alikula sehemu yake na ya baba yake, akauliza kama kesho kuna kanisa lingine.

2. Majirani. Bwana Peterson na Bwana Kingori wamegombania mpaka wa shamba tangu mvua za Aprili, hatua tatu za nyasi. Walimwita mume wangu awapatanishe kwa kuwa amesoma. Akawaeleza kwamba huko Kaldena ugomvi kama huo ulichukua miaka mia moja na ishirini, na mwishowe pande zote mbili ziliheshimika. Alikuwa anataka kuwaonya. Sasa wamekubaliana jambo moja tu, kwamba hakuna haraka. Mke wa Kingori hanisalimii.

3. Mama yangu. Anaitwa Murugi, na mimi ni mtoto wake wa pekee. Karatasi za Kaldena hazikusema handaki la mji lilichimbwa kwa siku ngapi, na jambo hilo lilimsumbua Baba Wamucii wiki mbili nzima. Mama alikuja kuniletea uji, akamsikia akijisemea. Akauliza upana. Akauliza kina. Akauliza kama udongo ulikuwa laini ama wa mawe, na kama wanawake walichimba wakiwa wamekula. Halafu akasema: siku arobaini na moja, na kama chini kuna vijiti vya kuchongwa, ongeza tisa. Yeye alichimba lile handaki la kando ya msitu wakati wa Emajensi, vita vya Mau Mau, kwa amri ya Waingereza, na hakuna karatasi ya kumfundisha. Mume wangu akaandika hivyo, na chini ya ukurasa akataja jina lake. Wewe ukalikata kwa wino mwekundu, ukauliza hili limeandikwa wapi. Nilipomtafsiria mama, hakuona vibaya. Aliuliza tu kama unataka aje ofisini na jembe.

4. Jina. Haya mengine yote nimeyataja ili usione nimekurukia, lakini hili ndilo jambo lenyewe.

Wewe ni Theuri, Mgikuyu kama sisi, desturi unaijua, nawaelezea wakubwa wako. Kwetu msichana wa kwanza huitwa nyanya yake upande wa baba, na wa pili huitwa nyanya yake upande wa mama. Hatuangalii jina lipi ni zuri. Ni zamu. Na aliyeitwa hivyo huwa amezaliwa tena. Wamucii wangu amebeba jina la mama mkwe, na siku nikimchapa, mume wangu hutoka nje, kwa kuwa hawezi kusimama hapo akiona mama yake anachapwa. Sasa amezaliwa wa pili, msichana, mwenye masikio ya mama yangu kabisa. Zamu ni ya Murugi. Hata paka anajua.

Siku ya nne mume wangu alisimama kando ya kitanda akasema mtoto ataitwa Aldegunda.

Aldegunda ni mjane wa Kaldena aliyekaa karibu na lango, na siku moja akalifungua. Basi. Baba Wamucii anasema ameishi na huyu mama miaka sita, anamjua kuliko binamu zake wa Kutus, na zamu ni ya walio wa nyumbani. Nikamwambia, sawa, mweke mbele kama jina la ubatizo, mama yangu akae nyuma. Akakataa. Ati Aldegunda si pambo. Apewe kiti ama asipewe. Nilikwenda kwa mzee wa kanisa nikitumaini atakataa. Alikubali kabla sijakaa, kwa kuwa jina alilisikia kama la Kikristo sana.

Kadi ya kliniki imeandikwa "Mtoto Nderitu", na ubatizo ni tarehe 22. Mama huja kila Jumanne, humpakata mtoto, humtazama, huuliza, haya, leo mimi ni nani? Nami humwambia bado tunatafuta kalamu. Hii Jumanne iliyopita hakuuliza, na hilo ndilo lililonifanya nitafute kalamu kweli.

Usifikiri namchukia mume wangu. Tangu nijifungue, yeye ndiye anayeteka maji mtoni, mtungi mgongoni, na wanaume wa kituo wanamcheka, naye anawaambia huko Kaldena wanaume walifanya hivyo. Nimenakili kitabu chote mpaka hapa kilipofika na hakuna mahali kimesema hivyo. Alinitungia tu. Mtu kama huyo simgombezi kwa nguvu. Ndiyo maana nakugombeza wewe.

Kwa hivyo naiomba Idara yako imwondoe Aldegunda katika historia.

Ombi si kubwa. Yuko katika ukurasa mmoja, wa 140, mistari saba. Hakuzaa, hakuacha shamba, na nyumba yake ilichukuliwa na askofu. Hakuna jamaa atakayekuja kumuulizia. Kama kumwondoa kabisa ni vigumu, naomba ahamishwe, apelekwe mji mwingine unaosomwa na mwanafunzi ambaye hajaoa. Kama hilo nalo haliwezekani, afanywe mwanamume. Mwanamume hawezi kuingia katika zamu ya mama yangu, na kwake yeye sioni tofauti, lango ni lango. Na kama yote haya yamezuiwa na sheria, basi Idara itangaze kwamba Kaldena haukuwako. Mji ulioanguka zamani hauwezi kuumia ukianguka tena.

Usiniambie kwamba mtu hafutwi hivi hivi. Mama yangu ulimfuta kwa kalamu moja, na yeye yuko hai na anakula. Huyu aliyekufa miaka mia saba iliyopita atakushinda nini?

Ukikataa, sitafanya fujo. Nitaacha kunakili. Sura mbili zilizobaki utazipokea kwa mwandiko wa Moffat mwenyewe, nawe hujawahi kuuona. Nakuombea macho.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, mwambie karani wako wa taipu kwamba nampa pole kwa kazi, na kama kuna mtu mwingine hapo anayesoma habari za mjane yeyote, yeye pia msalimie lakini mwangalie.

Mimi ninayengoja jibu, mtoto mgongoni,
Kagure Nderitu (Mama Wamucii)

Nyongeza: Usimwondoe.

Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea mama barua hii, kwa sababu jina ni lake na nilitaka asikie ninavyompigania. Alikuwa akimenya viazi. Nilipomaliza aliuliza huyo mwanamke alifungua lango kwa nini. Wiki saba, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Ukurasa wa 140 niliunakili mtoto akilia, na sikuusikia. Sasa nikautoa nikamsomea. Unasema kengele ilikuwa imelia, lango likafungwa, na wanawake kumi na mmoja waliokwenda kutafuta kuni wakabaki nje. Mlinzi akasema amri ni amri. Aldegunda akamnywesha pombe mpaka akalala, akachukua ufunguo, akawafungulia. Asubuhi akaulizwa mbele ya askofu, akasema yeye alilikuta lango wazi.

Kisu cha mama kilisimama. Akauliza, alipigwa? Nikasema karatasi haisemi. Akasema, basi alipigwa. Akaendelea kumenya.

Viazi viwili baadaye akasema yeye ana mimi wa kumtaja, lakini huyo hana hata mtoto mmoja, na si vizuri mtu wa namna hiyo kukaa miaka mia saba bila kuzaliwa. Ati mtoto aandikwe, yeye atangoja wa tatu. Huyo wa tatu mimi sijamkubali, lakini hilo si la Idara.

Hivi sasa amempakata na anamwita, ingawa jina linamshinda katikati. Anauliza huyo Aldegunda alikuwa wa mbari gani, na mama yake aliitwa nani, ili ajue kumsalimia mtoto inavyotakiwa. Baba Wamucii amepekua karatasi zake zote na hajaona. Tafadhali tazama zako, utujibu kabla ya tarehe 22. Kama haikuandikwa popote, usihangaike. Mama amesema atahesabiwa wa kwetu.