Utepe Nyuma ya Miti

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kabandika ukutani picha ya mjomba wake. Yaani shemeji yangu Swala, msoma mita za maji, kifua mbele, medali shingoni, mshindi wa tatu wa mbio za usiku za msituni mwaka jana. Nikauliza picha yangu itakaa wapi. Binti akajibu, kwa heshima zote, kwamba baba bado hajafanya kitu cha kupigwa picha. Ana miaka tisa! Nimeumia sana. Nimekwenda kujiandikisha kabla chai haijapoa.

Jumanne, 4 Machi
Sioni haja ya mazoezi. Miguu hii imekanyaga cherehani miaka kumi na tano. Ingekuwa barabarani, ningeshaizunguka dunia. Mke wangu akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikamwambia hizi ni za msituni, ukingo hakuna. Akasema ukingo hakuna, ila vilima viko vitatu.
Vilima sikuwa nimevifikiria.

Jumatano, 5 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nilipomwambia mke wangu hivyo, alikitazama kipara changu kwa muda.
Lakini sikilizeni! Vizibao vya wakimbiaji nimeshona mimi, vile vyenye utepe unaong'aa ukimulikwa na taa. Utepe huohuo ndio waandaaji wanaobandika kwenye miti kuonyesha njia. Na uliobaki uko dukani kwangu! Leo nimefunga mapema, nikaingia msituni kwa upande wa mwisho wa mbio, nikapanda kilima hadi kwenye gogo kubwa lililoanguka njiani. Kila mti uliokuja mbele yangu nimeubandika kipande. Njia ya mkato, yangu peke yangu! Wenzangu watazunguka vilima vyote, mimi nitateremkia hapo kwenye gogo. Utepe niliobeba ulipoisha nikabandua ule wa kizibao changu.
Swala kwisha habari yake.

Ijumaa, 7 Machi
Swala kaja kuchukua kizibao chake. Kaniletea betri za akiba za taa ya kichwani, eti shemeji, usiku ni mrefu. Dharau iliyoje! Nimezitia kwenye redio.

Jumapili, 9 Machi
Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa siwezi, mapaja hayakunjiki.
Jana usiku nilifika kwenye gogo nikiwa hoi, ila bado wa katikati. Nikajifanya nafunga kamba za viatu, wenzangu wakapita, nikachepuka. Giza! Hakuna utepe hata mmoja. Nikawashuku ngedere. Nikawatukana. Nilipogeuka nirudi, lo! Miti yote ya nyuma yangu inang'aa! Nikaona kumbe nilikuwa nimeipita njia, nikaifuata kwa furaha. Ilipanda, nikashangaa kidogo, maana kwenda mwisho wa mbio ni mteremko. Ikanitoa palepale kwenye gogo.
Nikaingia tena. Giza tena. Nikageuka, ikang'aa tena. Gogo tena!
Hapo ndipo nilipoelewa. Jumatano nilikuwa napanda, nikabandika upande unaonitazama. Anayeshuka haoni kitu. Taa nayo ikazimika. Nikaketi chini nikalia, sifichi. Niliiona picha ya Swala ikicheka ukutani.
Mtu akanikanyaga mkono. Bibi mkunga mstaafu, mkimbiaji wa mwisho, anatembea na fimbo yake. Akasema angenionaje, kizibao hakina utepe. Akanishika mkono, akasema nisiogope mwanangu, kazi yake ya maisha ni kuwatoa watu gizani. Tukazunguka vilima vyote. Kila nilipolalamika, aliniambia nivute pumzi.
Tulifika jua limechomoza. Swala alishaoga. Binti alikuwa ameshika bango: BABA. Nikaona angalau nisiwe wa mwisho. Nikauchomoa mkono wangu, nikachomoka, nikaikwaa kamba ya mstari wa mwisho, nikaanguka puani. Bibi akanivuka taratibu. Mpiga picha akapiga.

Jumatatu, 10 Machi
Picha iko ukutani! Juu ya ile ya Swala! Mimi chini, pua kwenye nyasi, fimbo ya bibi juu ya kichwa changu. Nikamuuliza binti kwa nini hiyo. Akasema mjomba alipofika alikwenda kula, lakini baba alipofika watu wote walisimama wakapiga makofi, na yeye alikuwa amekesha akiomba nisipotee. Nikamkumbatia.
Baadaye mke wangu akasema natumaini umejifunza. Nikamwambia tena sana. Alipolala nikashuka dukani nikakata utepe mpya.
Mwakani nabandika pande zote mbili.