Pointi za Mvi

Jumatatu, 14 Julai

Itangazwe kwa watu wote wa mtaa wetu wa Onduparaka, na Koboko wasikie: leo saa nne asubuhi mimi, Afedra, muuza spea za bodaboda, mwenye miaka hamsini na mbili na goti moja bovu, nimekuwa mchezaji namba moja wa Ngome Saba katika mji mzima wa Arua.

Sijamshinda mtu. Hilo ni jambo dogo.

Ngome Saba ni mchezo wa kwenye simu. Unajenga ghala, unajenga ukuta, unatuma jeshi likachome ghala la mwenzako. Tuko kumi na wanne kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Mwalimu Shakirah, anayefundisha hesabu, ameanzisha jedwali la pointi, na kila mtu anaanzia elfu moja mia mbili. Nikaandika kwamba ni aibu mtu mwenye mvi kuanzia mstari mmoja na watoto wa juzi. Nikaomba elfu moja mia nane, kwa heshima ya umri. Nilitegemea vita. Wote wamekubali chini ya dakika moja. Hata Agnes Keji, muuza mitumba ambaye hajawahi kukubaliana nami hata juu ya mvua, ameandika: "Mzee apewe. Mzee iko na haki."

Jumamosi tunakwenda kupambana na Koboko. Wanne wa juu ndio timu, wa kwanza ndiye kapteni. Nimempigia shemeji Lomoro, kaka wa mke wangu, anayeongoza timu ya kule. Nimemwambia aandae kiti cha kapteni. Kwa miaka ishirini ukweni wananijua kama yule aliyemwaga sufuria ya nyama siku ya mahari. Jumamosi watanijua upya.

Jumanne, 15 Julai

Heshima imezidi. Watu tisa wameomba kucheza nami kabla ya chakula cha mchana. Marino kinyozi amemwacha mteja na upande mmoja wa kichwa ili asipoteze zamu yake kwangu.

Nimecheza mara sita. Nimepigwa mara sita. Uchovu wa umaarufu.

Mke wangu Alice kauliza kwa nini wote wananitaka mimi tu. Nikamwambia nyuki hawaendi kwenye ua lililokauka. Akasema ndiyo, na wakiondoka huwa wamebeba kitu.

Jumatano, 16 Julai

Nimeamka namba moja. Kufika saa sita, baada ya vipigo vya asubuhi nzima, namba nane.

Nimekwenda shuleni kumwona Shakirah. Kanieleza kwa chaki, kama mwanafunzi wa darasa la nne. Ukimpiga aliye juu yako, unapanda sana. Ukimpiga aliye chini, unapanda kidogo. Ukipigwa na aliye chini yako, unaporomoka. Kwa hiyo nilipoomba pointi za mvi nilijigeuza ng'ombe wa maziwa wa kijiji kizima. Nikamwuliza kama hiyo ni haki. Akasema hiyo ndiyo haki yenyewe: jedwali halijui umri wa mtu, linajua tu nani kampiga nani.

Nimeondoka nikiwa nimeelewa kila kitu. Hasa pale pa kupenyea.

Jioni nimefungua akaunti ya pili kwa simu ya Alice. Jina: Simba wa Vurra. Kazi: wakala wa forodha mpakani, anashughulika na malori, hana nafasi ya kuonana na watu. Shakirah kampokea kwa elfu moja mia mbili. Mpango ni huu. Simba apande kwanza. Akishakuwa juu, nimpige mimi. Kila nikimpiga, nitapanda kwa mruko.

Alhamisi, 17 Julai

Simba kacheza mara saba, kashinda tano. Shakirah anampangia watu wa kiasi chake. Mechi ngumu, tamu, za kukuna kichwa. Nimemwuzia mteja breki badala ya cheni, akaondoka, akarudi na maneno.

Ajabu moja. Mimi napigwa, Simba anashinda, na vidole ni vilevile. Nimechunguza sababu. Simu ya Alice ina kioo kikubwa.

Ijumaa, 18 Julai

Jedwali linafungwa saa kumi na mbili jioni. Simba ni wa nne. Mimi wa kumi. Mechi nne za haraka zingetosha.

Saa kumi na moja nikaweka simu mbili juu ya kaunta. Mkono wa kulia Afedra, wa kushoto Simba. Simba kafungua lango, kalala kama kondoo wa sadaka. Jeshi langu hatua tatu kutoka ghala lake.

Simu yangu ikazimika. Umeme ulikatika tangu asubuhi, na mimi nilichaji ile ya Simba tu, maana ndiye mwenye kazi nyingi.

Sheria inasema anayetoweka amekimbia vita. Simba kashinda akiwa amelala.

Shakirah katangaza timu: Agnes Keji, kapteni. Marino. Yangi. Simba wa Vurra. Mimi ni wa kumi na mbili. Lomoro kapiga simu kusema kiti kiko tayari, kina mto.

Jumamosi, 19 Julai

Koboko. Kwa ufupi: tumetoka sare, mbili kwa mbili. Mechi yangu nilimwachia mama mkwe kwa heshima, kwani mkwe hashindani na mama wa mke wake. Watu walinisifu sana. Nimechoka.

Jumapili, 20 Julai

Alice kasoma ya jana. Kaniuliza, mutu akidanganya daftari yake mwenyewe, anamdanganya nani. Basi, yaliyotokea ni haya.

Uani kwa Lomoro, kiti chenye mto alikaa Agnes. Shakirah akaita Simba wa Vurra. Akaita tena, akasema Simba asipotokea Arua inaanza na mechi moja imepotea. Nikatazama viatu vyangu. Agnes akasema, bila hata kugeuka, "Mzee, simama tu, miguu isife ganzi." Walijua wote tangu Jumatano. Simba alikuwa akimsalimu kila mtu "Hamjambo, vijana," na anajenga ghala mbili kabla ya ukuta, ujinga ambao Arua nzima unafanywa na mtu mmoja.

Lomoro akauliza, kwa upole mbaya, kama huko Arua kapteni huwa anasafiri kwa jina la mnyama.

Shakirah akaamua nicheze kwa pointi za Simba, kwa kuwa ndizo za kweli. Akatafuta kwa Koboko, ambao nao anawawekea jedwali, mwenye pointi karibu na zangu. Mama Viktoria. Mama mzaa Alice. Miaka sitini na nane.

Kwetu mkwe hakai uso kwa uso na mama mkwe. Kwa hiyo yeye ndani, mimi barazani, pazia katikati. Arua mbili, Koboko moja. Mechi ya mwisho.

Sikumwachia. Nilipigana kwa nguvu zangu zote. Kisha nikasogeza pazia vidole viwili na kuchungulia simu yake. Jeshi lake lilikuwa linakuja kushoto. Nikahamisha askari wote kushoto. Pazia likatikisika, akaona, akaja kulia. Ghala zote mbili zikaungua. Alice akaleta ujumbe kutoka ndani: mama anauliza kama mkwe wake iko salama, na kama pazia lile linamsumbua, litafuliwa.

Hakuna aliyenisifu. Shakirah alisema tu kwamba jedwali lake limethibitika: limetafuta mkoa wote wa West Nile na kunipatia mtu wa kiasi changu.

Leo nimemwandikia. Nimependekeza kushindwa na mkwe au shemeji kusihesabiwe, kwa sababu si kushindwa, ni adabu. Kajibu kwamba huku kwetu kila mtu ni shemeji wa mwenzake; tukifuata hilo, jedwali litabaki tupu.

Nimesoma jibu mara mbili. Sijaona neno "hapana". Nimechukua kalamu, naorodhesha wote walionipiga wiki hii. Marino tayari nimempata. Dada wa mke wake ameolewa Vurra, na mama yangu ni wa Vurra. Huyo ni shemeji kabisa.