Mtutu wa Pole, Mtutu wa Haraka

Juvenali alipomsikia mzee mmoja mnadani Nyakahura akilalamika kwamba kanga wanamfukulia mahindi, aliingiwa na huruma. Ilikuwa huruma yenye macho, na macho hayo yalikwisha kumwona mtamba mwekundu, mwenye mimba, aliyesimama nyuma ya mzee.

Kule kwao Kibimba, baba yake Speciosa, msichana aliyetaka kumwoa, alikuwa amesema wazi kwamba binti yake haolewi bila ng'ombe. Juvenali hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na mtutu mmoja wa gobore, wa tundu dogo, alioupata kwa muuza vyuma chakavu. Aliukata katikati, kipande kimoja akakifunga kitambaa chekundu, kingine cheupe. Hivyo ndivyo mtu anavyofungua duka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu."

"Kanga hauawi na gobore, mzee. Anauawa na mzunguko."

Mzee huyo, Malongo, alisogea karibu. Juvenali akamchungulisha ndani ya mtutu, akamwonyesha mifereji iliyojipinda kama kamba.

"Risasi ikipita humu inazunguka, ndiyo maana haiendi kombo. Huu mwekundu ni wa haraka, kwa risasi ndefu. Mweupe ni wa pole, kwa risasi ya mviringo. Ukikosea kuchagua, risasi inatoka kama mlevi kilabuni."

Akachukua ufito uliozungushiwa kitambaa, akausukuma ndani. Katika mwekundu ufito ulizunguka sana, katika mweupe kidogo. Pale mtutu uliposahau kazi yake, kiganja cha Juvenali kiliukumbusha.

"Risasi yako ni ya namna gani, mzee?"

"Niliyoizoea ni ya mviringo."

"Basi mweupe! Tundu dogo, baruti kidogo, mzunguko wa pole. Mtamba huyu mmoja tu, nami nakuachia."

Kwandu, mke wa Malongo, aliupokea mtutu mweupe, akaupuliza kutoa vumbi.

"Unapitisha hewa vizuri," alisema.

Malongo akafikiri. "Malisho yamekauka huku. Mchukue mtamba ukamtunze kwenu. Siku kanga wa kwanza akianguka kwa mtutu huu, mtamba atakuwa wako, yeye na ndama wake. Mpaka siku hiyo ni wangu."

Juvenali aliwakumbuka kanga wa Nyakahura, wengi kiasi kwamba hata kipofu angempata mmoja. Akakubali mbele ya watu, kwa sauti.

Kiangazi chote alikata majani mabondeni, akamkatia mtamba migomba, akamlipia daktari wa mifugo. Speciosa alimletea maji ya kunywesha, akampa mtamba jina, Zawadi. Kila Jumapili Juvenali alipiga simu.

"Kanga vipi, mzee?"

"Bado."

"Punguza baruti."

"Sawa."

Kwa hofu, alianza kuupima ule mwekundu kwa ufito, safari hii bila kuusaidia. Akagundua kwamba mzunguko wake ulikuwa wa pole kweli, na mweupe, uliokatwa mtutu huohuo, lazima uwe vilevile. Alikuwa ameuza kitu halali bila kukusudia, na jambo hilo lilimkosesha amani.

Mvua ziliporudi, Zawadi alizaa ndama jike. Malongo akasema awalete wote wawili, wazee washuhudie. Juvenali aliwaswaga hadi Nyakahura akiwa na matumaini. Kama mzee hana shabaha, angempiga kanga mwenyewe.

Alimkuta Kwandu jikoni, ameinama mbele ya mafiga, akipuliza moto kwa mtutu mweupe.

"Mzee," Juvenali aliuliza taratibu, "gobore liko wapi?"

"Nililisalimisha polisi miaka mingi iliyopita," alijibu Malongo huku akimpapasa ndama. "Umemtunza vizuri. Mungu akubariki."

"Lakini kanga..."

"Uliniuliza risasi, ng'wanawane. Ukaniuliza baruti. Gobore hukuniuliza."

Wazee waliokuja kushuhudia walishuhudia. Juvenali aliketi juu ya kigogo, akamtazama Zawadi akiingia zizini bila hata kugeuka nyuma. Aliwaza atakavyomweleza Speciosa.

Kwandu alimwekea bakuli la maziwa ya Zawadi, kisha akafuta macho yaliyojaa moshi.

"Kunywa, mwanangu. Ila mtutu wako huu unapuliza polepole mno. Ule mwekundu bado unao?"

Juvenali akameza funda la kwanza. Macho yake yakamwona mbuzi aliyefungwa nyuma ya jiko.

"Ninao, mama," alisema. "Ule ni wa haraka."