Mkalimani wa Kibaraza cha Mohsin

Alhamisi, 5 Juni 1958

Siku njema kabisa. Kibaraza cha duka la Mohsin kimejaa mpaka watu wamekalia ngazi. Nadhani wanawake wa mtaa wetu wa Nyasubi wote walikuwapo. Wamekuja kusikiliza mchezo wa redio, Nyumba ya Kitwana, unaotoka Dar es Salaam kila Alhamisi jioni tangu mwaka jana. Lakini redio inasema Kiswahili, tena cha pwani, na hawa wengi wao wanajua Kisukuma tu. Bila mkalimani wangesikia makelele. Na mkalimani ni nani? Mimi, Bartholomeo! Nilisoma kwa mapadri Ushirombo, nikakaribia kumaliza.

Siku nyingine mimi ni fundi cherehani wa Mohsin. Alhamisi ni mtu mkubwa. Mohsin hunipa chai ya maziwa na kiti chenye mgongo.

Huyu Kitwana wa kwenye mchezo ni mtu wa ovyo. Leo kampiga mkewe Zaina kwa sababu chai imepoa. Nilitafsiri kwa ufundi mpaka wanawake wakaguna wote kwa pamoja. Mwanamume mzima, kumpiga mtu kwa ajili ya chai! Nikawaambia hayo ni mambo ya pwani, huku kwetu hayapo.

Kufika nyumbani, maji ya kuoga hayajapashwa moto. Apolonia, mke wangu, naye alikuwa kibarazani, kwa hiyo kachelewa. Nimemsukuma kidogo tu. Akagonga mlango. Mlango wenyewe umekaa vibaya, nimekwisha sema siku nyingi utengenezwe.

Ijumaa, 6 Juni

Mwamvua ananitafutia ubaya. Anauza vitumbua kwenye pembe ya kibaraza. Mtu wa Tabora, Kiswahili anakijua na Kisukuma anakijua, na kwa hiyo anajiona. Leo kasema mbele ya wateja kwamba jana niliruka maneno: eti jirani alimwambia Kitwana kwamba aibu ni yake yeye, si ya Zaina. Nikamjibu kwamba kutafsiri si kubeba kila takataka. Wateja wakacheka. Sijui walimcheka nani.

Jambo jingine. Jioni Apolonia kaniuliza kwa nini Zaina harudi kwao. Nikashtuka. Mwaka mzima hajaniuliza swali lolote kuhusu mchezo! Yeye hukaa tu kimya, siku zote upande uleule, kichwa kakipinda kidogo kuelekea redio kama kuku anayesikiliza mwewe. Mtu akitaka kile kigoda chake hampi. Majivuno tu.

Nikamwambia Zaina harudi kwao kwa sababu anampenda mumewe.

Sijalipenda lile swali. Mchezo huu unaharibu watu. Nimeamua: kuanzia Alhamisi ijayo namrekebisha Kitwana mwenyewe. Wao Dar es Salaam watasema yao, mimi hapa Kahama nitasema yangu. Nani atajua?

Jumapili, 8 Juni

Mwamvua atajua.

Nimeliwaza hilo misa nzima, hata sikusikia mahubiri. Baada ya misa nikamfuata kwenye vitumbua vyake, nikamwamkia vizuri, nikamsifia jiko lake. Nikamwambia nina mpango wa kumshonea blauzi, kitambaa chake, kazi yangu bure, mradi Alhamisi atulie na vitumbua vyake. Kauliza kwani Alhamisi kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu. Kanitazama muda mrefu, kisha kasema anataka mikono ya kuvimba.

Nimekubali. Kazi rahisi hiyo.

Alhamisi, 12 Juni

Ushindi!

Kitwana alianza mapema leo. Kofi likasikika, pa! Wanawake wakanigeukia. Nikasema Kitwana anaua mbu. Pa! Mbu wa pili. Mama mmoja kasema kweli, mwaka huu mbu wamezidi hata hapa Kahama. Zaina akalia, nikasema anakata vitunguu. Halafu Zaina akaanza kukusanya nguo zake aende kwa kaka yake, na hapo kijasho kikanitoka, maana milango ilisikika na sanduku lilisikika. Nikasema kuna msiba kwao, anakwenda matanga, na mumewe anamwambia asichelewe kurudi kwa sababu atamkosa sana. Nilivyoisema hiyo hata mimi nilikaribia kulia.

Mwamvua alikohoa mara nyingi sana lakini hakusema neno.

Njiani nikamuuliza Apolonia kaonaje mchezo. Kasema Kitwana kabadilika ghafla. Nikamwambia wanaume hubadilika. Kasema ndiyo, Baba Bernadina. Akamhamishia mtoto bega jingine, tukaenda nyumbani. Nilifurahi sana.

Jumamosi, 14 Juni

Balaa. Blauzi ya Mwamvua imekwisha, na mikono yote miwili ni ya kushoto. Sijui ilikuwaje. Nilishona huku nawaza mambo ya Alhamisi ijayo. Kaivaa palepale dukani, mkono mmoja ukaenda mbele na mwingine ukaenda njia yake. Mohsin alicheka mpaka akakalia gunia la mchele. Mwamvua hakucheka. Kasema mapatano yamekufa, na Alhamisi mdomo wake atautumia.

Nyumbani nako nimekuta nguo za Bernadina zimekunjwa, zimepangwa vizuri juu ya kitanda. Nikauliza kuna safari gani. Apolonia kasema alikuwa anazianika. Nikamwambia nguo zilizoanikwa hazikai hivyo. Kanyamaza, nikampa moja la shavu ili ajue nilikuwa nazungumza naye. Siku hizi ukimwita upande huo anajifanya hasikii.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na tatizo. Nina mpango mkubwa kuliko yote. Nitamleta mama mkwe! Yuko kwao Ushirombo, mwanamke wa heshima, mke wa kizamani mwenye nidhamu. Atakaa kibarazani, atasikia kutoka kinywani mwangu jinsi Zaina anavyorudi kwa mumewe na kuomba radhi, na yeye mwenyewe atamfunda binti yake. Mwamvua hatathubutu kunikatiza mbele ya mgeni. Dereva wa lori la pamba anaondoka kesho, nimempa ujumbe.

Akili hii sijui mapadri waliionaje wakaniacha niondoke.

Jumatano, 18 Juni

Mama mkwe kafika. Kaja na Maduhu, kaka mkubwa wa Apolonia.

Na leo ndipo nimekumbuka.

Nilikuwa natoka dukani, nikasikia sauti yake njiani akisalimia watu, mwadila, mwadila. Miguu yenyewe ikanipeleka nyuma ya choo cha Mohsin kabla sijafikiri. Mkwe na mama mkwe hawaonani uso! Hawakai mahali pamoja, hawasemezani. Mtoto mdogo wa Kisukuma analijua hilo. Na mimi nimemwita mwenyewe, kwa lori, aje akae mbele yangu kibarazani nimsimulie hadithi!

Sasa siwezi kumwambia arudi, maana siwezi kumwambia lolote. Kafikia kwa dada yake hapa mjini. Maduhu alikuja kunisalimu pale nyuma ya choo. Kauliza kwema? Nikasema kwema. Kauliza dada yake kafanya nini shavuni. Nikasema mlango.

Mohsin kaniuliza kesho nitatafsiri nikiwa wapi. Nimemwambia nina mpango.

Sina.

Alhamisi, 19 Juni

Nilikuwa nao. Asubuhi niliupata: jora zima la kitambaa cha marekani, nikalitundika kwenye fimbo mlangoni mwa duka mfano wa pazia. Wanawake kibarazani, redio kibarazani, mama mkwe kibarazani kwenye kile kiti changu chenye mgongo. Mimi ndani ya duka, nyuma ya pazia. Hanioni, simwoni. Heshima imetunzwa. Sauti tu ndiyo itapita, na nikamwomba Maduhu aseme kwamba hiyo ni sauti ya redio ya pili, ya Kisukuma. Maduhu kanitazama lakini kasema.

Tatizo la kwanza: nyuma ya marekani sisikii vizuri. Tatizo la pili: betri ya Mohsin imechoka, na mchezo ulikuja na mikwaruzo. Nikaamua kutunga mwenyewe. Nikasema Zaina karudi kutoka matangani. Nikasema kapiga magoti. Nikasema Kitwana kamnunulia kanga.

Hapo redio ikapata nguvu ghafla. Kishindo. Kishindo kingine. Kitu kizito kwenye kitu laini, na mwanamke akivuta pumzi kila mara. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba Zaina anatwanga mahindi, apike ugali wa kumshukuru mumewe.

Hakuna aliyeguna. Kisha nikasikia sauti ya Apolonia, si kubwa, kama mtu anayetaja bei sokoni. Kasema hiyo si kutwanga. Kasema sauti hiyo anaijua.

Mama mkwe akauliza kama yupo hapo anayejua maneno ya redio. Mwamvua akasema, mimi, mayu. Akaweka vitumbua vyake chini akaanza. Akasema Kitwana kamfuata mkewe njiani akampiga. Akasema hakukuwa na msiba, na mbu hawakuwapo. Akayarudisha yote ya wiki iliyopita, kipande kwa kipande! Akasema Zaina kafika kwa kaka yake, na kaka kamwambia aingie ndani, mlango haujafungwa tangu alipoolewa.

Niseme nini? Damu ilinipanda. Mtu ananiharibia nyumba yangu kwa Kisukuma changu! Nikatoka kumnyamazisha. Nikasahau jora. Mguu ukanasa, fimbo ikaanguka, marekani yote ikaanguka, na mimi ndani yake, mpaka mbele ya kiti chenye mgongo. Nikainua kichwa. Nikaonana na mama mkwe uso kwa uso.

Kajifunika kanga. Wanawake wakapiga kelele. Nilipita dirisha la nyuma, juu ya magunia ya chumvi, na nimechanika suruali mahali ambapo fundi mwenyewe hawezi kujishonea akiwa ameivaa.

Ijumaa, 20 Juni

Wameondoka na lori la asubuhi. Apolonia, mtoto, mama mkwe, Maduhu. Jiko limefagiliwa. Kaacha ufunguo kwa Mwamvua, kati ya watu wote!

Maduhu kaacha neno: niende Ushirombo na wazee wangu, niseme mbele ya watu nilichomfanyia dada yake.

Sijamfanyia kitu. Nitakwenda niwaeleze.

Jumanne, 24 Juni

Nimekwenda na Mzee Herman, ndugu wa marehemu baba. Njiani nimemfundisha la kusema: Bartholomeo ni mpole, ana cherehani, anajua kusoma. Mzee Herman kafika, kakaa, kasema amekuja kusikiliza tu.

Wazee wa kwao wakauliza. Nikasema ni misukosuko midogo ya nyumbani. Nikasema huyu binti nikimwita haitiki, hilo ndilo chanzo cha yote, kiburi. Mzee mmoja aliyekaa kushoto kwa Apolonia akamwita kwa jina. Hakuitika. Akamwita tena. Hakugeuka. Nikasema mnaona! Mnaona wenyewe!

Maduhu akamgusa bega, akageuka. Akaulizwa kwa nini haitiki mzee. Kasema samahani baba, sikio hili limekufa tangu mavuno ya mwaka jana, siku ile ya kofi la mboga kuungua. Tangu siku hiyo upande huu anasikia mikwaruzo tu, kama redio ya Mohsin kabla haijashika Dar es Salaam. Ndiyo maana pale kibarazani alikuwa haachi kigoda kile. Kwenye kigoda kile sikio zima ndilo lililokuwa upande wa redio.

Mzee Herman akainamisha kichwa. Ndani ya nyumba nilisikia mama mkwe akilia, au labda mtu mwingine.

Nikasema mbele ya wote kwamba kama sikio ni bovu, alipaswa kusema, ningemtia mafuta ya moto. Mzee Herman, ndugu wa baba yangu mwenyewe, akaniambia ninyamaze.

Wakamuuliza Apolonia anataka nini. Kasema anataka kukaa hapa. Hakulia, hakutukana, hata hakunitazama. Basi wameamua: atakaa kwao, mtoto bado mdogo atakaa na mama yake, ng'ombe wa mahari watarudishwa polepole. Na mimi nitoe mbuzi kwa kuonana uso na mama mkwe. Mbuzi! Tena juu ya hayo yote!

Alhamisi, 26 Juni

Mkalimani sasa ni Mwamvua. Mohsin kampa kiti changu na chai yangu. Kavaa ile blauzi. Mikono kaibadilisha mwenyewe, imekaa vizuri kabisa. Mimi nipo ndani na cherehani. Kila nikikanyaga wananiambia nipunguze kelele.

Nimepata muda wa kutafakari, na kosa nimeliona waziwazi. Kosa ni kuoa mtu wa karibu na barabara ya malori. Akae karibu na redio, ajifunze maswali, kaka yake afike kwa siku moja! Sasa nitafanya kwa akili. Bwana Eustace, huko ndani kabisa msituni, ana binti anaitwa Klara. Hajui Kiswahili. Kwao redio hawajaiona, na lori halifiki. Nasikia ni msichana mtulivu sana.

Namshonea gauni la kumpelekea. Kitambaa kizuri cha maua, Mohsin kanikopesha. Sijawahi kumwona huyo Klara, lakini nimekwisha kata. Nimetumia vipimo vya Apolonia.